Sifuri Nilizomwambia Mkwe

Baba yangu alikuwa na maksai watulivu kuliko wa mtu yeyote pale Igamba, na sababu yake ilikuwa mdogo wangu Lameki. Naanza hapo, ingawa nilichokaa kuandika ni habari ya mguu.

Siku ya kuhasi mafahali, wanaume wanne walikaza kamba, baba akashika kisu, mimi nikashika mkia. Kazi ya Lameki ilikuwa kichwani. Alikuwa kijana tayari, ndevu zinaanza kutoka. Alivua koti akamfunika fahali macho, kisha akalala chini karibu na sikio lake, akaanza kunong'ona. Alikuwa anasema nini, sijui mpaka leo. Nilipomuuliza alicheka tu.

"Namwambia habari za nyasi."

Fahali alikuwa anapiga kelele mara moja, anatulia, baba anamaliza. Majirani walikuja kumwazima Lameki kama watu wanavyoazima jembe. Kabla ya kuuliza kisu kimenolewa, waliuliza Lameki yupo.

Miaka ile ndiyo sabuni na sukari zilianza kurudi madukani, na watu wengi wakawa wanahamia mpakani. Mimi nikahamia Tunduma na mke wangu, nikawa nabeba mahindi ya watu kwa mkokoteni wa maksai wawili. Lameki akavuka, akakaa Nakonde upande wa Zambia, akawa fundi baiskeli. Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa kumaliza kutafuna muwa mmoja. Alijifunza Kibemba mpaka kikamwingia kwenye Kiswahili chake. Kila akimjibu mkubwa anamalizia na "mukwai", neno lao la heshima. Nilikuwa namtania.

"Umekuwa Mzambia sasa."

"Eya mukwai," ananijibu, yaani ndiyo mkubwa, na kofia anavua.

Miaka hiyohiyo nilipasuliwa ngiri. Wakati huo mgonjwa alikwenda hospitali na wembe wake na pamba yake. Waliniwekea kitambaa chenye dawa puani, nikapotea, halafu nikarudi mapema kuliko walivyotarajia. Niliamka wanashona. Sitaeleza sana, maana anayesoma huenda naye anasubiri kupasuliwa kesho. Ninasema tu kwamba tangu siku hiyo kisu sikukiogopa. Nilichoogopa ni kuamka.

Nimeruka mambo mengi hapo katikati. Mke wangu alifariki. Mwanangu Tito alioa binti wa Kinamwanga, mtu mwema. Sasa hapa naomba tuelewane, hasa ninyi mliozaliwa mjini. Katika nyumba yetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono. Yeye hakai kwenye kiti changu, mimi siingii jikoni kwake. Mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Na ukwe hauishii kwa binti mmoja, dada zake wote ni wakwe zangu. Mtaniona mshamba, lakini shikeni hilo, kwa sababu mguu wangu ulipotelea hapo.

Ilikuwa msimu wa kuvuna, maneno ya kututenga na Mbeya tuwe mkoa wetu wenyewe yameanza kusikika. Nilikuwa nateremka na magunia kwenye mteremko wa Chapwa, kamba ya nira ikakatika. Mkokoteni ulinishinda. Gurudumu lilipita juu ya muundi wangu wa kushoto, nikasikia mfupa, yaani niliusikia kwa masikio, kabla sijasikia maumivu. Tito yuko kazini mbali, migodini. Watu wakamwita Lameki. Alikuja mikono ina grisi bado, akanifunga mguu kwa vipande viwili vya mbao za sanduku, akaniingiza kwenye gari la abiria, tukapita Vwawa, tukafika hospitali moja ambayo jina lake naliacha. Walinitendea vyema, na kosa ninalosimulia halikuwa lao peke yao.

Benchi la pale lilikuwa refu, limelainika kwa makalio ya watu. Siku ya kwanza tulikaa tangu asubuhi mpaka jua likageuka upande wa pili. Karibu yangu alikuwepo mama mmoja wa wafugaji waliohamia bonde la Momba, amemleta mumewe aliyepigwa pembe. Aliniona ninavyouma meno. Akatoa kibuyu, akanimiminia maziwa mgando kwenye kifuniko, bila kuniuliza jina wala kabila. Nikanywa yote. Yalikuwa matamu, sijui niseme nini zaidi.

Ndipo akaja daktari wa usingizi. Kijana mwembamba, ana daftari jekundu, viatu vyake havina sauti. Aliniamkia, akachuchumaa mbele yangu badala ya kusimama juu yangu.

"Mzee, umekula nini leo?"

"Maziwa."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Huyu mama ni shahidi."

Akacheka, lakini upasuaji akausogeza mpaka kesho yake. Nilikasirika. Akanieleza bila haraka kwamba mtu akilazwa usingizi na tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, na wengi wamekufa hivyo, si kwa kisu. Lameki akaniambia, "Kaka, huyu ndiye anakaa kichwani. Msikilize." Nikamsikiliza. Ninataka mwone kwamba kwenye habari ya chakula nilisema ukweli mtupu. Kula si aibu.

Jioni alirudi na karatasi, akatusomea.

"Kuna kitu nachunguza," alisema. "Dawa ya ganzi tuliyoizoea inaisha siku hiyohiyo, mgonjwa anabaki analia. Nimeiongezea dawa nyingine kidogo. Nataka kujua kama itafika mpaka kesho yake, na kama itafika bila kuleta madhara."

"Na mimi nikikataa?"

"Utapata ganzi ya kawaida. Hakuna atakayekununia."

"Na wewe unapata nini?"

"Wodi inakuwa kimya. Mimi nikilala, nalala."

Jibu hilo nililipenda. Mimi nilifika darasa la tatu, lakini jina langu naliandika, nikaliandika pale, herufi kubwa. Akaniambia kazi yangu itakuwa moja. Kila baada ya muda mtu atakuja kuniuliza namba. Sifuri maana yake hakuna maumivu kabisa. Kumi maana yake maumivu ambayo huwezi kufikiria mengine ya kuyapita. Na huyo mtu atafunua aangalie mguu na vidole.

"Namba yako ndiyo macho yangu, mzee," alisema. "Mimi siwezi kuingia ndani ya mguu wako."

Siku ya upasuaji waliniuliza jina mara tatu, watu watatu tofauti, na mguu upi, mpaka Lameki akauliza kama wamenisahau. Walinibana kidole na kitu kidogo kinachotoa mlio, kila pigo la moyo mlio. Wakanichoma sindano mgongoni, na nyingine hapa kwenye kinena, hiyo ndiyo ya ganzi ndefu. Chini pakawa si pangu. Yule kijana akakaa kichwani kwangu, akaanza kuniuliza mambo ya kawaida. Nalima nini, maksai wangu wanaitwa nani. Nilimkumbuka Lameki na koti lake. Wakatia vyuma kwenye mfupa, wakashona, wakafunga, na mimi nilikuwa bado naeleza jinsi ya kumfundisha maksai mvivu.

Niliporudishwa wodini sikuwa na maumivu hata chembe. Nililia kidogo kwa furaha. Mtu aliyewahi kuamka anashonwa atanielewa.

Basi akaja mwenye kuuliza namba. Niligeuza kichwa nikaona ni Edina.

Edina ni mdogo wake mke wa Tito. Nilimwona mara ya mwisho kwao, siku ya kupeleka posa. Sikujua amesomea unesi wala kwamba amepangwa hapo. Naye hakujua. Alipiga goti palepale kati ya vitanda, na sare yake nyeupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa malori mwenye mkono uliofungwa, akasema, "Mzee, mimi sista ananipigia kelele, wewe anakupigia goti. Una siri gani?" Wodi ikacheka. Edina akatazama sakafu.

"Baba, maumivu namba ngapi?"

"Sifuri, mama."

Hiyo ilikuwa kweli. Jioni akarudi, nikasema sifuri, nayo ilikuwa kweli. Alitakiwa kufunua shuka, hakufunua, nami nilimshukuru moyoni kwa adabu yake. Sindano ilikuwa kinenani. Nguo yenyewe ya hospitali mnaijua, haina nyuma.

Kesho yake asubuhi kitu kikaanza ndani ya shavu la mguu. Haikuwa kama maumivu ya kidonda. Ilikuwa kama mtu yumo ndani ya nyama anakaza kamba ya mzigo, anapumzika, anakaza tena. Ganzi bado ilikuwepo, nikijigusa ngozi siisikii, lakini hicho cha ndani kilipita chini ya ganzi. Edina akaja, akapiga goti.

"Namba ngapi, baba?"

"Sifuri."

Alipoondoka Lameki akasogeza kiti.

"Kaka, uso wako umekuwa majivu. Kwa nini humwambii?"

"Nitamwambiaje mkwe? Atataka kufunua."

"Ni nesi."

"Ni mkwe aliyevaa nguo za nesi."

"Basi nitasema mimi. Nitamfuata kule nje nimwambie taratibu."

"Ukisema," nikamwambia, "utakuwa umenivua nguo mbele ya mkwe wangu. Sitakusamehe."

Lameki alivua kofia. Kisha akasema, "Eya mukwai," akaenda kuosha kikombe.

Mchana Edina alikuja tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, wameniambia niangalie vidole." Nikaishika shuka kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Vipo vyote, mama, nimevihesabu." Dereva akacheka. Edina akasimama kidogo, anataka na hataki, kisha akaandika akaondoka. Kile alichoandika ni sifuri. Jioni, sifuri. Hapo kamba ndani ya mguu ilikuwa imekazwa mpaka naona nyota, na jasho limelowesha mto, na ninamwambia mtoto wa watu sifuri, naendelea vizuri, wasalimie nyumbani.

Asubuhi iliyofuata akaja daktari wa usingizi mwenyewe, na daftari lake, amefurahi kama mtu aliyeona mvua.

"Mzee, wewe ndiye mgonjwa wangu bora. Siku nzima sifuri."

Akafunua mguu huku bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki mdomoni kidogo baada ya macho yake kuacha kucheka, nakumbuka hilo. Akabonyeza kidole gumba. Kilibaki cheupe. Akagusa shavu la mguu, lilikuwa gumu kama gogo. Akauliza taratibu, "Mzee, hapa hapaumi?" Akatoka mbio, na hicho ndicho kiliniogopesha, kwa maana viatu vyake vilikuwa na sauti.

Walisema nyama imevimba ndani ya ngozi yake na kujinyonga yenyewe, damu haipiti. Wanataka kufungua ili ipumue. Homa ilikuwa imenipanda, maneno nayasikia kwa mbali. Nilimvuta Lameki shati.

"Wakisema kukata, ukatae. Unasikia? Nirudishe hivihivi. Nikifa, nizikwe na miguu yangu miwili."

Nilingoja aseme mukwai. Hakusema. Alinipandishia shuka mpaka kidevuni.

Safari hii walinilaza kabisa. Nilipoamka jua lilikuwa dirishani na Lameki alikuwa pale, karibu kabisa na sikio langu. Sikuwa na maumivu popote. Ile ganzi ndefu, walikuwa wameniwekea tena, na safari hii ilifanya kazi yake yote. Chini ya blanketi wamesimamisha boksi ili uzito usinilalie, blanketi limeinuka kama kichuguu.

"Mguu upo?" nikauliza.

"Umefungwa, kaka. Usiuguse."

Nikavisikia vidole vyangu. Naapa nilivisikia, vyote vitano, kimoja kinawasha. Nikatulia. Siku hiyo yote na iliyofuata Lameki hakutoka. Alininywesha uji kwa kijiko, akanieleza habari za Nakonde, nani amefungua duka, baiskeli gani imeletwa bila minyororo, mwanamke gani amemfukuza mume na redio yake. Sauti ya chini, mfululizo. Manesi wakija anasimama kwanza, anazungumza nao pembeni, kisha anarudi. Nilidhani ni adabu zake za Kizambia.

Siku ya pili, mchana, akaja daktari wa usingizi. Edina walikuwa wamemtoa kwenye kazi ile. Kijana mwenyewe macho yalikuwa mekundu, daftari ameshika lakini halijafunguliwa. Lameki alikuwa anamimina uji kutoka kwenye chupa ya chai. Daktari akaniamkia, akachuchumaa kama siku ya kwanza.

"Mzee, safari hii naomba uniambie kweli. Hicho kisiki kinauma namba ngapi?"

"Kisiki gani?"

Uji uliendelea kumiminika, ukajaa kikombe, ukafurika mezani. Hakuna aliyeufuta. Daktari akamtazama Lameki, Lameki akatazama chupa. Nikainua blanketi, nikatoa boksi.

Hapa nitaruka kidogo, mniwie radhi.

Kwa wewe uliyekatwa au unayengoja kukatwa, nikuambie mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Mguu usiokuwepo unauma. Dawa ndefu ilipoisha ulianza kuwasha unyayoni, nikawa nakuna shuka. Usiogope, huchanganyikiwi. Waambie, wana dawa yake. Mimi niliwaambia, na safari hii nilitaja namba, saba, tisa, siku moja niliwahi kusema kumi na mbili, daktari akaandika kumi akaniambia nisizidishe bei. Kipindi cha mvua kisiki kinabana, kipindi cha baridi ya Mbozi kinauma hata kabla hujatoka kitandani. Magongo yanachubua kwapani, funga kitambaa cha zamani, si kipya. Mtu wa kwanza atakayekutazama kwa huruma utatamani kumpiga. Wa mia moja hutamwona.

Nilikaa wodini mpaka watu wakaanza kutayarisha mashamba. Dereva aliruhusiwa, akaniachia redio yake ndogo, hakutaka shukrani. Edina alikuja siku moja bila sare. Hakupiga goti. Alikaa kwenye kiti, jambo ambalo mkwe hafanyi, akafunika uso kwa kitenge akalia. Akasema, "Baba, nilijua. Niliona jasho." Nikamwambia hata mimi nilijua anajua. Kisha akainuka, akafunua blanketi, akanibadilishia bandeji kwa mikono yake, na dunia haikuanguka. Hilo tu. Lilichukua muda kama wa kuchemsha chai. Kama lingefanyika ile asubuhi ya kwanza, ningekuwa nateremka Chapwa na maksai mpaka leo.

Na yule daktari. Alikaa kitandani kwangu siku nyingi, jioni akimaliza kazi. Nilimwuliza kama dawa yake ndiyo iliyoniua mguu. Hakukwepa. Alisema ganzi ndefu inaweza kuficha hatari, na ndiyo sababu aliweka namba na kutazama vidole, lakini maumivu yangu yalikuwa yameshaipita ganzi, yalikuwa yanapiga hodi, na namba ndiyo ilifunga mlango.

"Sifuri zako zilinidanganya, mzee," alisema. "Lakini mimi ndiye nilimtuma mtu bila kuuliza ni nani kwako."

Alinionyesha karatasi mpya. Juu kabisa, kabla ya swali la namba, ameongeza swali jingine: je, anayekuuliza ni ndugu au mkwe wako? Ukisema ndiyo, anatafutwa mwingine. Na vidole vinatazamwa na watu wawili, mgonjwa akubali asikubali. Aliniambia wenzake wa mbali walimwuliza swali hilo limetoka kitabu gani. Nilifurahi, sitaficha. Mguu wangu uko kwenye karatasi ile, mstari mmoja.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi, taja namba. Kama aliyekuja ni mkwe, au mwanao, au mwanafunzi wako wa kipaimara, sema, sista, niletee mwingine. Haitachukua muda. Usimwachie nduguyo kubeba unachokiona aibu.

Nimezungukazunguka hivi kwa sababu kuna sehemu sikutaka kuifikia. Nilipoweza kutembea kwa magongo nilivuka mpaka, mara ya kwanza, mara ya pili, mara nyingi. Pale Lameki alipokuwa anatengenezea baiskeli amekaa mtu mwingine, anauza kadi za simu. Mmoja aliniambia ameelekea Kasama, mwingine akasema Ndola. Tito amepiga simu kila anakojua. Wanaonijua pale Nakonde wananiita kwa jina la mdogo wangu, kwa kuwa kila nikija namwulizia yeye.

Basi, nirudi kitandani. Blanketi limeinuliwa, boksi liko sakafuni. Mguu wangu unaishia juu ya goti, umefungwa kitambaa cheupe, safi sana. Daktari akasema, "Mzee, sumu ya nyama iliyokufa ilikuwa inaingia kwenye damu. Ungekufa mezani. Ndugu yako alisaini ili uishi."

Nikamwambia Lameki, "Ulisaini."

"Nilisaini, kaka."

"Na siku mbili hizi umekuwa unanisimulia baiskeli."

Aliweka chupa mezani.

"Umenifunika macho kama fahali wa baba," nikasema. "Umenishika kichwa wakanikata. Usiniite kaka. Kaka yako alikuwa na miguu miwili."

Daktari akasema, "Mzee, taratibu." Dereva akageukia ukutani. Lameki alikuwa amesimama na kifuniko cha chupa mkononi. Nilitaka ajitetee, nilikuwa na maneno mengine tayari, mabaya zaidi, nayasubirisha. Hakujitetea. Alichukua kitambaa akafuta uji mezani, mpaka pembeni mwa meza. Akaenda kuosha kikombe, nikasikia maji, akarudi akakifunika juu ya kitambaa ili kikauke. Akakunja blanketi lake alilokuwa analalia sakafuni, akaliweka miguuni pangu, kule kwenye nafasi. Akachukua koti.

Akainama karibu na sikio langu, kama vile zamani, na mimi nikafikiri ataomba msamaha.

"Mara ya kwanza nilikusikiliza," alisema.

Akavaa kofia, akamwinamia daktari, akatembea katikati ya vitanda mpaka mlangoni. Hakuharakisha. Kupitia dirishani nilimwona akipita kwenye benchi la wagonjwa, akampisha mama mmoja mwenye kibuyu, akashika njia ya barabara kuu. Nilidhani ameenda kutafuta hewa. Chakula cha jioni kilipoletwa niliwaambia wabakize cha Lameki, nikakifunika kwa sahani yangu.